Kamera Kifuani mwa Polisi: Swali Tuliloulizwa Chini ya Turubai



Mwezi uliopita tulikaa kwenye kikao cha usalama, vijana, viongozi wa vijiji, wamama, na wafanyakazi wawili wa mashirika. Mmoja wao, dada anayeshughulika na ulinzi wa wakimbizi, akatuuliza: "Kama polisi wa hapa wangevaa kamera kifuani, mngekubali?" Akasema huo si mpango, ni swali tu. Lakini swali tu lilitosha. Vijana tukapiga kelele ya ndiyo. Kwani nani amesahau ule usiku wa mgao, mwenzetu alipopigwa fimbo ya kichwa, na kesho yake ikaandikwa kwamba alianguka mwenyewe? Tungekuwa na picha, nani angeandika vile?

Halafu mama mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akasimama. Akasema: "Mimi nilienda posti kueleza kitu kilinipata njia ya kuni. Nililia mbele ya polisi. Hiyo kamera ingekuwa inaniangalia? Na hiyo picha ingeenda wapi kisha?"

Kelele ziliisha hapo hapo. Hakuna aliyemjibu, juu hakuna aliyekuwa na jibu. Tukasema basi, kabla ya kurudi kwenye kikao kingine, tusome kwanza. Tukakuta kwamba nchi nyingine wamebishana juu ya hiki kitu kwa miaka ishirini sasa, wamekosea, wamejaribu tena, na makosa yao yameandikwa. Tumeona tuwaandikie na nyinyi, juu siku moja swali hili litafika kwenu pia.

Tuanzie Los Angeles, Marekani, usiku wa tarehe 3 Machi 1991. Polisi walimsimamisha dereva mmoja mweusi, Rodney King, wakampiga virungu akiwa chini. Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mabomba, George Holliday, ambaye kelele zilimwamsha. Alikuwa na kamera ya video mpya, akasimama kwenye roshani ya nyumba yake na kurekodi. Polisi hawakujua kama wanarekodiwa. Holliday alipowapigia polisi hakupata wa kumsikiliza, akaupeleka mkanda kwenye kituo cha televisheni. Dunia nzima ikaona.

Sasa angalieni kilichofuata, juu hapo pana somo la kwanza. Picha ilikuwepo, wazi kabisa. Na bado, tarehe 29 Aprili 1992, baraza la mahakama lililowasikiliza polisi wanne halikumtia hatiani hata mmoja kwa kipigo kile. Jiji likawaka, watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka 1993 mahakama ya shirikisho iliwakuta wawili na hatia. Kwa hiyo yeyote anayetuambia kwamba picha ikiwepo haki imekuja, tumwambie asome habari za mwaka 1992. Picha ni ushahidi tu. Ushahidi unahitaji watu wa kuutazama bila kuficha macho.

Ile ilikuwa kamera ya raia. Kamera ya polisi mwenyewe ilianza kujaribiwa baadaye, Uingereza, kwenye mji wa Plymouth, mwaka 2005 na 2006. Zile za kwanza zilikuwa zinafungwa kichwani, fikirieni polisi mwenye kamera kama taa ya mchimba madini. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ikatoa mwongozo wa kuzitumia. Kitu kilichotushangaza ni kwamba kule hoja kubwa haikuwa kumchunga polisi. Walitaka ushahidi wa fujo za mitaani na wa kesi za ukatili wa nyumbani: polisi anafika, anakuta mke amevimba uso, vyombo vimevunjika, kamera inachukua yote kabla mtu hajabadili maneno. Maana yake tangu mwanzo kabisa kamera hii iliingia ndani ya nyumba za watu, ikawachukua watu kwenye saa yao mbaya kuliko zote. Swali la mama yetu lilikuwepo siku ya kwanza.

Marekani walikuja na hoja nyingine. Kuna mji mdogo California unaitwa Rialto. Kuanzia mwaka 2012, kwa miezi 12, polisi wao hamsini na kidogo walifanyiwa jaribio: zamu zilipigiwa kura, zamu hii wanavaa kamera, zamu ile hawavai. Matokeo yakavuma kila mahali. Malalamiko dhidi ya polisi yalishuka kwa karibu asilimia 90 ukilinganisha na mwaka wa kabla. Zamu zisizo na kamera zilikuwa na matukio ya kutumia nguvu mara mbili hivi ya zamu zenye kamera. Watu wakasema dawa imepatikana.

Halafu ikaja Ferguson. Tarehe 9 Agosti 2014, kijana wa miaka 18, Michael Brown, alipigwa risasi na polisi mchana kweupe. Hakukuwa na picha ya kupigwa kwake. Kila shahidi alisema lake, polisi akasema lake, na mji ukaingia mtaani. Familia yake iliomba jambo ambalo kila mtu alilielewa: kila polisi avae kamera. Mwezi Desemba mwaka ule ule Rais Obama akaomba dola milioni 75 za kusaidia kununua kamera 50,000. Makampuni yakauza, majiji yakanunua, haraka haraka. Sheria za kuzitumia zilikuja nyuma zikikimbia, na mahali pengine hazijafika mpaka leo.

Kwa hiyo je, dawa ilifanya kazi? Jiji la Washington lilifanya jaribio kubwa zaidi kuliko la Rialto, polisi zaidi ya 2,000, nusu na kamera, nusu bila. Matokeo yalitoka Oktoba 2017: hakuna tofauti ya kuonekana, si kwenye kutumia nguvu, si kwenye malalamiko. Tuliposoma hapo, mmoja wetu alifunga simu akasema basi tumepoteza bando bure.

Lakini hatukuacha, na vizuri hatukuacha. Mwaka 2016 watafiti wale wale waliofanya kazi na Rialto walikusanya majaribio ya vituo kadhaa na kuuliza swali dogo: nani alikuwa anabonyeza kitufe, na lini? Pale ambapo polisi walifuata sheria, kamera ikawashwa tangu mwanzo na mtu akaambiwa kwamba anarekodiwa, matumizi ya nguvu yalishuka kwa asilimia 37. Pale ambapo polisi alijichagulia mwenyewe awashe saa ngapi na azime saa ngapi, nguvu ilipanda kwa asilimia 71 kuliko zamu zisizo na kamera.

Tuliisoma hiyo namba mara tatu. Kamera ile ile, kifua kile kile, na mambo yanaweza kuwa mabaya kuliko kama isingekuwepo. Sababu yake tulijieleza sisi wenyewe bila mtafiti. Polisi anayewasha kamera wakati ugomvi umeshapamba moto anarekodi hasira ya raia, harekodi tusi lililoianzisha. Na raia akiona kataa jekundu kamewaka katikati ya ugomvi, anaona ni silaha nyingine imetolewa.

Kuna kesi moja ya Baltimore ya mwaka 2017 inayoonyesha hiki kitufe vizuri kuliko tafiti zote. Kamera zao, kama nyingi za aina hiyo, zinahifadhi sekunde 30 za kabla ya kubonyeza, picha tupu bila sauti. Polisi mmoja hakukumbuka hilo. Alionekana akiweka kopo lenye dawa za kulevya kwenye takataka, akaondoka, akabonyeza kitufe, akarudi, na "akazigundua". Mahakama ilimkuta na hatia ya kutengeneza ushahidi. Yeye alijitetea kwamba alikuwa anarudia kitu alichokuwa amekikuta kweli. Sisi tuna maoni yetu. Tukacheka siku nzima, halafu tukaacha kucheka, juu tuliwaza: na zile kesi ambazo sekunde 30 hazikutosha?

Kitufe ni swali la kwanza. La pili ni kabati: picha ikishachukuliwa, nani ana ufunguo?

Chicago, Oktoba 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na polisi mmoja. Karatasi za polisi ziliandika kwamba aliwaendea na kisu. Picha, safari hii ya kamera ya kwenye gari la polisi, ilionyesha anatembea kwenda mbali nao. Picha hiyo ilikuwepo tangu usiku ule ule. Watu wa Chicago waliiona Novemba 2015, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, tena kwa amri ya hakimu baada ya mwandishi wa habari kwenda kortini. Mwaka 2018 polisi huyo alikutwa na hatia ya kuua. Mwaka 2016 jimbo la North Carolina lilitunga sheria kwamba picha za polisi si kumbukumbu za umma. Aliyerekodiwa anaweza kuomba kuitazama, lakini nakala haipati mpaka hakimu aseme.

Na kwa George Floyd, Minneapolis, 25 Mei 2020, kamera zilikuwepo vifuani. Pamoja na kamera hizo, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya "tatizo la kiafya". Aliyeibomoa taarifa ile alikuwa msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyekuwa amekwenda dukani na binamu yake mdogo, akasimama barabarani na simu mkononi. Picha za vifuani watu wa kawaida waliziona baada ya zaidi ya miezi miwili. Zilisaidia sana kwenye kesi, hatukatai. Polisi mkuu wa tukio lile alikutwa na hatia Aprili 2021. Lakini bila simu ya yule dada, kesi ingeanzia wapi?

Kwa hiyo hata kama kamera zinakuja, haki ya raia kushika simu yake na kurekodi kazi ya polisi hadharani isiguswe. Tunalisema hili kwa sababu mmoja wetu alinyang'anywa simu mwaka juzi kwenye mstari, akarudishiwa ikiwa imefutwa kila kitu, hata picha za marehemu baba yake.

Sasa turudi kwa mama, juu mpaka hapa tumeongea kama vijana, kama watu wanaotaka polisi aonekane. Mama aliuliza juu ya yeye mwenyewe kuonekana.

Kaka wa mwenzetu mmoja alichukuliwa Marekani na familia yake miaka kadhaa iliyopita. Alituambia kwamba mtoto wao alichezea simu, akapiga namba ya dharura. Baada ya dakika chache polisi wawili wako mlangoni, wapole kabisa, wanaomba kuingia waone kama watu wote wako salama. Wakaingia. Mke alikuwa amejifunga kitenge tu, nywele wazi, ametoka kuoga. Kwenye vifua vya wale polisi kuna mataa mawili. Hakuna kosa lililofanyika, polisi walicheka na mtoto wakaondoka. Lakini shemeji yetu mpaka leo anauliza: mimi niko kwenye mashine ya nani?

Hilo swali limeshapata majibu ya watu wenye akili. Chama cha kutetea haki za raia cha Marekani, ACLU, ambacho kwa kawaida hakipendi serikali iweke kamera mahali, mwaka 2013 kilisema kamera ya kifuani inaweza kuwa nzuri, kwa sharti. Baadaye, mwaka 2015, wakaandika mfano wa sheria. Kabla ya kuingia nyumba ya mtu bila hati ya mahakama na bila dharura, polisi amuulize mwenye nyumba kama anataka kamera izimwe. Mtu aliyedhulumiwa aulizwe vile vile. Mtu anayeleta taarifa kwa siri aulizwe. Kamera isitumike kuwapeleleza watu kwa sababu ya wanachosema au wanachoabudu. Picha isiyo na kesi ifutwe baada ya miezi 6. Yenye matumizi ya nguvu au malalamiko ikae miaka 3. Yaani picha inayomhusu polisi na nguvu zake ikae, na picha ya kitenge cha shemeji iende.

Sisi tunaongeza kitu ambacho Mmarekani hakulazimika kukifikiria sana. Mkimbizi ana mtu anayemtafuta. Si wote, lakini baadhi yetu, ndiyo. Uso wako kwenye mashine si aibu tu. Waliotoka Rwanda wanajua kadi za kitambulisho zilizoandikwa kabila tangu enzi za Mbelgiji, miaka ya 1930, na zilivyofanya kazi kwenye vizuizi mwaka 1994. Aliyeandika zile kadi mwanzoni alikuwa anahesabu watu tu. Na hivi karibuni, Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya walioandikishwa Bangladesh, majina yasiyopungua 830,000, zilifika Myanmar, kwenye serikali ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilijibu kwamba wakimbizi walielezwa na kuombwa ruhusa. Wakimbizi wengi waliohojiwa wakasema hawakuelewa hivyo. Hatuandiki hili kuwachukiza marafiki zetu wa mashirika wanaotusoma. Hapa Uganda mwaka 2018 sisi sote tulipita kwenye mashine ya vidole na macho, na bila ile kazi wengine wangekuwa wanakula mgao wa watu wasiokuwepo. Tunasema tu kwamba tumeshajua ladha ya kuulizwa "unakubali?" ukiwa na njaa kwenye mstari.

Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2019, na katiba yake, kifungu cha 27, inalinda siri ya mtu na nyumba yake. Haikuandikwa kwamba ni kwa raia peke yao. Nyumba ya udongo yenye turubai la msaada juu ni nyumba.

Basi tuliandika jibu letu na kulirudisha kwenye kikao. Tulikubaliana kwamba kamera, kama zitakuja, ziwashwe tangu polisi anaposogelea mtu kwa amri, kwa kumsimamisha, kumpekua, kumkamata au kutawanya watu kwenye mgao, na zisizimwe mpaka amemaliza. Hapo asichague. Na aseme kwa lugha ambayo mtu anaielewa: "Unarekodiwa." Kwenye chumba cha kueleza mambo ya ukatili, kamera isiingie kabisa mpaka mwenye shida aseme iingie; zahanati hivyo hivyo, na mahali pa kuabudu. Picha zisipitishwe kwenye mashine ya kutambua nyuso, na zisichanganywe na mafaili yetu ya ukimbizi. Aliyerekodiwa aweze kuiona picha yake, na akilalamika, isikae mikononi mwa kituo kinacholalamikiwa.

Mahali tuliposhindwa kukubaliana ni hapa. Mtu akipiga kelele usiku ndani ya nyumba, mume anapiga mke, polisi anaingia. Awashe au azime? Vijana wa kiume wengi walisema awashe, ushahidi ni ushahidi, kama kule Plymouth. Dada zetu walisema kama mke anajua kwamba kesho jirani au mwanasheria wa mume ataziangalia zile picha, safari nyingine hatapiga kelele. Tulibishana mpaka jua likazama, na hatukupiga kura, juu kura ingewafanya wanaume wengi washinde kwa hesabu tu.

Mama yule alikuwepo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaomba tumsomee tena ile sehemu ya chumba na zahanati. Tukamsomea. Akasema: "Andikeni pia kwamba wakati wa kuniuliza, polisi mwanaume atoke kwanza." Hatukuwa tumelifikiria. Tumeliandika, na karatasi iko kwa dada wa shirika tangu Jumatatu.